Unga wa mimea kwa ndagala wakavu: upi utumike, upi uachwe shambani

Ukipekua gunia la ndagala (dagaa) lililokaa muda mrefu ghalani Kadutu, hapa Bukavu, chini yake unaweza kukuta ungaunga wa kahawia na maganda mepesi yenye manyoya. Ni mabaki ya mabuu ya mdudu anayeitwa kitaalamu Dermestes maculatus. Mdudu mzima ni mweusi, tumbo jeupe, lakini mharibifu mkubwa ni buu: hula nyama na kuacha ngozi na miiba, na mama muuzaji huigundua hasara kwenye mizani. Jike moja hutaga mamia ya mayai. Penye joto la nyuzi 30 hivi, yai huwa mdudu mzima katika wiki 5 hadi 7. Uvira, mzigo unakotoka, kuna joto kuliko huku Bukavu, kwa hiyo mzigo unaweza kupanda milima ya Ngomo kuja huku ukiwa na mayai tayari.

Hapo ndipo watu wanapotuuliza kama unga wa mimea unaweza kumzuia mdudu huyu. Ndiyo, unafanya kazi. Nchini Nigeria watafiti wamejaribu mara nyingi unga wa Piper guineense, ndugu wa pilipili manga, dhidi ya mdudu huyuhuyu: wazima wengi hufa na mayai yanayoanguliwa hupungua. Karafuu nayo ina mafuta makali ambayo wadudu huyakimbia.

Tatizo ni bei. Majaribio ya maabara hufika hata gramu 10 za unga kwa gramu 100 za samaki. Ukitumia nusu ya hapo, gunia la kilo 10 linadai nusu kilo ya pilipili manga, na sidhani kuna muuzaji wa ndagala atakayebaki na faida. Kwa maoni yangu unga ufae akiba ya nyumbani, au samaki wakubwa wa bei. Gunia la kuuzwa upesi lilindwe kwa kukausha vizuri na kwa chumvi. Dermestes hapendi chumvi nyingi. Makayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, hushambuliwa kidogo kuliko ndagala kwa sababu hiyo.

Sasa jambo linalonitia hofu zaidi. Wakulima wetu wengi wanaujua mtupa, kile kichaka kinachopandwa shambani kufukuza fuko, na majani yake yaliyosagwa huchanganywa na maharagwe ya mbegu. Usiutie kwenye samaki wa kuliwa, hata kidogo! Ndio uleule unaoleweshea samaki mtoni, na sumu yake, rotenoni na jamaa zake, haichagui buu na mtoto wa mtu. Lantana nayo, kile kichaka cha maua kinachopandwa kuwa uzio, iache kwenye uzio. Dawa ya kunyunyizia mende ni mbaya vilevile. Kipimo changu ni chepesi: usichoweza kukitia chunguni, usikitie guniani.

Unga haufiki ndani ya nyama, kwa hiyo buu lililokwisha kujichimbia litaendelea kula. Kwanza anika samaki upya juani, au wapashe karibu na moto hadi wavunjike kwa mlio. Pilipili manga au karafuu ikaushwe kivulini, isagwe laini na kuchekechwa. Chembe kubwa hazishiki. Ndagala watikise pamoja na unga katika beseni. Samaki mkubwa mpake hadi kwenye mashavu na mkunjo wa tumbo. Gunia la zamani lichemshwe kwanza, na kama rafu ni za mbao, chunguza matundu: mabuu hutoboa mbao ili wajigeuze humo. Mzigo mpya usikae juu ya ule wa zamani.

Harufu ikififia, nguvu nayo imepungua. Fungua kila wiki, kung'uta samaki wachache juu ya kitambaa cheupe. Ukiona ungaunga wa kahawia, anika tena na utie unga mpya. Na unapouza, mwambie mteja kwamba samaki ana pilipili, amwoshe kwa maji ya moto kabla ya kupika, hasa akiwa na watoto wadogo au mgonjwa wa tumbo.