Maana ya "kwenda Kaskazini" katika raga ya Wales

Kwa muda wa karibu miaka 100, mtu wa Wales aliyesikia kwamba mchezaji fulani "amekwenda Kaskazini" hakuhitaji kuelezwa zaidi. Maana yake ilikuwa kwamba mchezaji huyo ameiacha raga ya yunioni, ambayo kila timu ina watu 15, na kusaini mkataba na klabu ya raga ya ligi, ambayo kila timu ina watu 13 na ambayo ngome yake ni miji ya viwanda ya kaskazini mwa England kama vile Wigan, Widnes na Leeds. Msomaji wa Nairobi au Kampala, aliyezoea raga ya yunioni peke yake, anaweza kudhani kwamba huko kulikuwa kuhama klabu tu. Sivyo, kwa maana hadi mwaka 1995 aliyevuka mpaka huo alifungiwa mlango wa kurudi.

Mgawanyiko ulianzia kwenye ujira. Tarehe 29 Agosti 1895, wajumbe wa vilabu vya kaskazini walikutana katika Hoteli ya George mjini Huddersfield na kujitenga na chama cha raga cha England, kwa kuwa chama hicho kilikataa mchezaji afidiwe mshahara anaoukosa anapoacha kazi ili aende kucheza. Kwa mchimba makaa hilo halikuwa jambo dogo. Waliojitenga walibadili pia sheria za mchezo: mwaka 1906 walipunguza wachezaji hadi 13, na baadaye wakaweka kikomo cha mara ambazo timu inaweza kukabwa kabla ya kuuachia mpira, ambazo sasa ni sita. Yunioni ilibaki mchezo wa ridhaa, yaani wa kuchezwa bila malipo, na aliyepokea pesa za ligi ilimfungia maisha.

Wales ilikuwa mahali pagumu kuliko kwingine, kwa sababu chama chake kilibaki upande wa ridhaa ilhali wachezaji wake wengi walitoka katika familia za wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Wala si pesa peke yake iliyowaondoa; rangi ya ngozi nayo ilichangia. Billy Boston, aliyezaliwa Cardiff mwaka 1934 na baba kutoka Sierra Leone, alisaini na Wigan mwaka 1953, akafunga trai 571 (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani) katika maisha yake ya ligi, na hakuwahi kuivalia Wales jezi ya yunioni. Kwa maoni yangu, hakuna hasara kubwa kuliko hiyo ambayo Wales ilijiletea yenyewe.

Mfano unaoonyesha dhana hii kwa ukamilifu, kwenda na kurudi, ni wa Jonathan Davies. Alizaliwa mwaka 1962 katika kijiji cha Trimsaran, akachezea Neath na Llanelli, na mwaka 1985 akaanza kuichezea Wales dhidi ya England akiwa namba 10, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi ya timu. Mwaka 1988 Wales ilizishinda England, Uskoti na Ayalandi, lakini katika ziara ya New Zealand mwaka huohuo ikafungwa 52–3 na 54–9. Mwezi Desemba, Davies akiwa nahodha, ilishindwa na Romania 15–9 mjini Cardiff. Wiki chache baadaye, Januari 1989, alisaini na Widnes.

Wengi walitilia shaka uamuzi huo, kwa kuwa mwili wake ulikuwa mdogo na ligi ni mchezo wa kugongana bila kupumzika. Alilazimika kujifunza upya namna ya kukaba na kukabwa, na alifaulu. Mwaka huohuo Widnes iliilaza Canberra ya Australia 30–18 na kutwaa ubingwa wa dunia wa vilabu. Mwaka 1993 alihamia Warrington, na mwaka uliofuata akatajwa mchezaji bora wa ligi. Oktoba 1994, uwanjani Wembley, timu ya pamoja ya Uingereza ilibaki na watu 12 baada ya Shaun Edwards kutolewa nje, na ni Davies aliyewaacha walinzi wa Australia kwa mbio na kufunga trai kwenye kona. Uingereza ilishinda 8–4. Mtu aliyeonekana dhaifu mno kwa ligi ndiye aliyeamua mechi hiyo.

Agosti 1995 yunioni iliruhusu malipo, na adhabu ya kufungiwa ikakosa msingi. Davies alirudi nyumbani kuchezea Cardiff, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 30. Mwaka 1996 aliitwa tena katika timu ya Wales, baada ya takriban miaka 8, na Machi 1997 alivaa namba 10 dhidi ya England, katika mechi ya mwisho ya kimataifa kabla ya uwanja wa zamani wa Cardiff kubomolewa.