Wakili wa Ajali: Cheti Chake, Pointi Zake na Pesa Zako

Malalamiko ya kesi za fidia ya ajali huja na wimbo mmoja: "Wakili amekula pesa yangu." Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine, faili ikifunguliwa, hakuna pesa iliyoliwa kwa sababu hakuna iliyowahi kulipwa: kesi ilifunguliwa mahali pasipofaa, au dai la maana halikuandikwa, au muda ulipita. Mteja alichagua wakili kwa ukali wa sauti yake kortini, ilhali kazi ya ajali hushindwa au kushinda kwenye makaratasi, miezi mingi kabla ya mtu kusimama mbele ya hakimu.

Tuanze na cheti. Wakili nchini Kenya haruhusiwi kuhudumu bila cheti cha mwaka husika, kinachoanza Januari 1 na kuisha Desemba 31. Chini ya kanuni za mwaka 2014 za mafunzo endelevu ya mawakili, anatakiwa kupata pointi zisizopungua 5 kila mwaka. Hali ya wakili yeyote unaweza kuiangalia bure kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya, LSK: andika jina lake, utaona kama anaruhusiwa kuhudumu kwa sasa au la. Ni kazi ya dakika 2. Tafuta jina la mtu atakayeshika faili yako, si jina la kampuni lililo kwenye bango la mlangoni.

Hapa kuna kutoelewa kunakojirudia kila mwaka. Kwanza, mtu akigundua wakili wake hakuwa na cheti huhitimisha kwamba kila hati aliyoandikiwa ni takataka. Sivyo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati haibatiliki kwa sababu hiyo pekee; kosa ni la wakili na adhabu ni yake. Pili, pointi 5 si ushahidi wa ubingwa wa kesi za ajali. Wakili anaweza kuzipata zote kwenye semina za ardhi na kodi, kisha akapokea faili ya mtu aliyevunjika nyonga. Kwa hiyo usiulize tu kama ana pointi. Muulize mafunzo ya karibuni aliyohudhuria yalihusu nini, na kesi ngapi za majeraha amezifikisha hukumuni. Wakili anayejiheshimu hachukizwi na swali hilo.

Kwa nini tunasisitiza? Chukua mfano wa mwanabodaboda aliyevunjika paja na kuwekewa chuma. Baada ya mwaka mmoja au zaidi, daktari huenda akashauri chuma kitolewe, na huo ni upasuaji mwingine wenye gharama yake. Mahakama za Kenya zimeshika msimamo kwamba gharama ya matibabu ya baadaye lazima idaiwe mahsusi kwenye hati ya madai. Isipoandikwa, hakimu hawezi kuitoa, hata kama picha ya eksirei inaonyesha misumari yote. Wakili aliyefunzwa humtuma mteja kwa daktari kabla ya kufungua kesi, na huhakikisha ripoti inataja mambo 3: chuma kitatolewa, makadirio ya gharama kwa shilingi, na asilimia ya ulemavu wa kudumu kama upo. Asiyefunzwa huandika "maumivu na mateso", akaona amemaliza. Gharama ulizokwisha kulipa nazo ni lazima zidaiwe kwa tarakimu na zithibitishwe kwa risiti. Weka kila risiti, hata ya magongo.

Kesi za kifo zina hesabu yake. Mahakama huchukua kipato cha mwezi, mara 12, mara miaka ambayo marehemu angeendelea kufanya kazi, mara sehemu ambayo familia iliitegemea. Kwa mwenye mke na watoto, mara nyingi ni theluthi 2. Tuseme fundi mwashi alipata 20,000 kwa mwezi na mahakama ikakubali miaka 20. Ni 20,000 × 12 × 20 × 2/3, yaani shilingi 3,200,000. Sasa angalia: Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inaifunga kampuni ya bima hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi kinadaiwa kwa mwenye gari mwenyewe. Ndiyo maana wakili huhitaji nakala ya rekodi za umiliki kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, si abstrakti ya polisi (muhtasari wao wa ajali) peke yake. Na kama marehemu hakuwa na hati ya mshahara, mahakama huweza kutumia kiwango cha chini cha mishahara cha serikali kwa kazi hiyo. Familia nyingi hudhani bila hati ya mshahara hakuna kesi.

Aliyeumia kazini yuko kwenye njia nyingine kabisa, na hapa wakili aliyeachwa nyuma na sheria huwagharimu wateja wake sana. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019, dai la jeraha la kazini chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 linaanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Halianzii kortini. Dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Usiporidhika na uamuzi, pinga kwa Mkurugenzi ndani ya siku 60. Jibu lake lisipokuridhisha, una siku 30 za kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Kwa ajali za barabarani muda wa kufungua kesi ni miaka 3. Gari likiwa la serikali ni miezi 12 tu, na hakuna anayekukumbusha. Ilani kwa kampuni ya bima nayo ina siku zake za kisheria; wakili makini huituma kabla ya kuwasilisha kesi na huweka nakala yenye muhuri wa kupokewa. Mdai nakala hiyo.

Kuhusu ada: makubaliano ya "tukishinda nachukua asilimia 30, tukishindwa hunilipi" hayana nguvu kisheria. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kiko wazi. Broka anayekufuata wodini na kadi ya wakili, akiahidi mgawo huo, anakuingiza kwenye mpango ambao sheria haiutambui, na wakili haruhusiwi kugawana ada na mtu asiye wakili. Pesa za fidia zikifika ziingizwe akaunti ya wateja, na udai maandishi yenye kiasi kilicholipwa, tarehe, ada, gharama na salio lako. Usitie sahihi hati ya kuridhia malipo yenye nafasi tupu ya kiasi.

Malalamiko ya utovu wa maadili yapeleke kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Hulipi chochote. Andika barua, ambatisha nakala (si asili) za hukumu, barua ulizopewa na uthibitisho wa malipo. Wakili ataombwa majibu. Tume yaweza kuwapatanisha, au kulipeleka suala kwenye Jopo la Nidhamu, ambalo laweza kumwonya wakili, kumsimamisha hadi miaka 5, kumfuta kwenye orodha, kumtoza faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kumwamuru akulipe fidia isiyozidi milioni 5.

Tume si mahakama ya rufaa, na hili tunalieleza kila wiki. Ukiona hakimu amekupa kidogo, rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na barua ya malalamiko uliyotuma haizisimamishi siku hizo.