Je, rais wa Marekani anaweza kumfukuza mhamiaji kwa saini tu?

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa kwa mara ya pili, Donald Trump alitia saini rundo la amri kuhusu wahamiaji. Moja ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi. Nyingine ilisema mtoto atakayezaliwa Marekani na wazazi wasio na vibali, au walioko kwa viza ya muda tu, hatatambuliwa kuwa raia. Amri ya wakimbizi iliuma papo hapo: familia za Kikongo zilizokwisha kupita usaili na vipimo vyote zilibaki kambini. Ile ya uraia ilizuiwa siku tatu baadaye na jaji wa Seattle, John Coughenour, na hadi 2025 inakwisha ilikuwa haijamgusa mtoto hata mmoja.

Kalamu ni ileile. Kwa nini moja ipite na nyingine ikwame?

Wengi hudhani rais wa Marekani akishasema, imekuwa. Ndiyo maana Januari ile habari nyingi zilisomeka kana kwamba uraia wa kuzaliwa umekwisha kufutwa. Lakini amri ya rais si sheria. Ni maelekezo kwa watumishi wa serikali namna ya kutumia mamlaka ambayo Katiba au Bunge limekwisha kuwapa. Pasipo na mamlaka hayo, saini haiyazalishi. Uraia wa kuzaliwa umo kwenye Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya 1868, na Mahakama ya Juu iliuthibitisha mwaka 1898 katika kesi ya Wong Kim Ark, kijana aliyezaliwa San Francisco na wazazi Wachina. Wapo pia wanaodhani kinyume, kwamba majaji wa huko humfunga rais mikono kwa kila jambo. Nao wanakosea. Swali la kuuliza kwanza ni hili: anayeguswa na amri hiyo amesimama wapi, nje ya nchi au ndani?

Chukua nyumba ya kupanga yenye msimamizi. Mwenye nyumba ndiye aliyeandika masharti, msimamizi kapewa funguo za geti. Mtu akija kuulizia chumba, msimamizi anaweza kumwambia hakuna nafasi, na mambo yakaishia hapo hapo getini. Kumtoa aliyekwisha kuingia ni kazi nyingine kabisa: kuna notisi, kuna kusikilizwa, na asipotoka kuna gharama za kumtoa. Hata aliyeingia bila mkataba hatupiwi tu vyombo nje usiku. Mwenye nyumba hapa ni Bunge, msimamizi ni rais.

Funguo za geti zenyewe zimo kwenye sheria ya uhamiaji ya 1952. Kifungu kimoja kinamruhusu rais kusimamisha kuingia kwa kundi lolote la wageni akiona kuingia kwao kutadhuru maslahi ya nchi. Ni kipana ajabu. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilikitegemea, kwa kura 5 dhidi ya 4, kuhalalisha zuio la Trump dhidi ya nchi kadhaa, Somalia ikiwemo. Tanzania nayo ilikionja: tarehe 31 Januari 2020 iliingizwa kwenye orodha, lakini kwa bahati nasibu ya viza za kuhamia Marekani peke yake. Mwanafunzi au mtalii aliendelea kuomba kama kawaida, ila aliyeshinda bahati nasibu alifungiwa, huku ushindi wenyewe ukiwa na ukomo wa 30 Septemba, mwaka wa fedha wa Marekani unapofungwa. Joe Biden alilifuta zuio hilo siku yake ya kwanza ofisini. Saini ililileta, saini ikaliondoa. Idadi ya wakimbizi nayo hupangwa na rais kila mwaka baada ya kushauriana na Bunge, chini ya sheria ya 1980: Biden alikwenda hadi 125,000, Trump akaishusha hadi 7,500 kwa mwaka wa fedha wa 2026.

Ndani ya nchi mambo hubadilika. Mwaka 2020 mahakama ileile ilimkatalia Trump kufuta mpango wa Obama unaowalinda vijana walioletwa Marekani wakiwa watoto. Haikusema hana mamlaka ya kuufuta. Ilisema serikali haikutoa sababu za kutosha kwa utaratibu unaotakiwa. Aprili 2025 ikasema anayetakiwa kuondolewa kwa sheria ya 1798, ya kuwaondoa raia wa nchi adui wakati wa vita, lazima aarifiwe mapema, apate muda wa kwenda kwa jaji. Inasikitisha kwamba uamuzi huo ulikuja wakati ndege zilishawapeleka Wavenezuela zaidi ya 200 gerezani El Salvador, wengi wao kwa sheria hiyohiyo. Haki inayotamkwa baada ya ndege kuruka ni ngumu kuikamata.

Tena mstari kati ya nje na ndani haujanyooka. Sheria ya 1996 inaruhusu baadhi ya walioingia bila kibali, na hawajamaliza miaka 2, waondolewe na afisa bila kufika kwa jaji. Na majaji wa uhamiaji wenyewe ni waajiriwa wa Wizara ya Sheria, yaani wako chini ya rais huyohuyo.

Halafu kuna pesa, ambazo ni za Bunge. Mwaka 2019, baada ya shughuli za serikali kusimama siku 35 kwa mvutano wa bajeti, Trump alipata dola bilioni 1.375 za ukuta wa mpaka wa Mexico badala ya bilioni 5.7 alizodai. Julai 2025, Bunge likiwa upande wake, lilipitisha takribani dola bilioni 170 za mipaka na uhamiaji. Fungu hilo linaipa ahadi ya Trump ya kufukuza watu uzito kuliko amri nyingi zilizosainiwa Januari.

Na anayefukuzwa lazima apokelewe mahali. Aprili 2025 Marekani ilifuta viza zote za raia wa Sudan Kusini kwa sababu Juba ilimkataa mtu mmoja, ikisema ni Mkongo. Siku chache baadaye Juba ikampokea. Agosti mwaka huo Rwanda ilikubali kupokea hadi watu 250 watakaoondolewa Marekani, kwa sharti kwamba Kigali ndiyo itakayoidhinisha kila jina.