Kaboni na Nitrojeni Zinavyofichua Chakula Alicholishwa Kuku

Mnunuzi anayesoma kwenye lebo kwamba kuku alilishwa mahindi hawezi kulithibitisha hilo kwa macho, na hata umanjano wa ngozi haumsaidii, kwani hupatikana pia kwa kutia rangi katika chakula cha mifugo. Maabara inaweza kulithibitisha, kwa sababu mwili wa kuku hujengwa kwa atomu zilezile alizozila.

Kaboni ina isotopu mbili thabiti, yaani aina mbili za atomu zinazotofautiana kwa uzito: kaboni-12, iliyo nyingi mno, na kaboni-13, ambayo ni takriban asilimia 1.1 tu ya kaboni yote. Hazitoi mionzi, nalitaja hilo kwa kuwa neno isotopu huwashtua wengi. Mahindi, mtama na nyasi nyingi za malisho ya nchi za joto hujitengenezea chakula kwa njia inayobakiza kaboni-13 nyingi zaidi kuliko soya, ngano, mpunga au alizeti. Kwa kipimo cha kimataifa, kinachohesabu kwa elfu tofauti kati ya sampuli na kigezo kimoja cha pamoja, mahindi huwa karibu na hasi 12 na soya karibu na hasi 27, pengo ambalo mashine za kisasa huliona bila taabu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 iliweka sharti kwamba mahindi yafike angalau asilimia 50 ya chakula cha kuku kwa sehemu kubwa ya kipindi cha kunenepeshwa ndipo yatajwe kwenye lebo, na kuku wa ngano aliyeuzwa kwa jina la mahindi hujulikana kwa kipimo hicho.

Nitrojeni hueleza jambo jingine. Nitrojeni-15, isotopu yake iliyo nzito zaidi, huongezeka kwa takriban 3 kwa elfu kila kiumbe kimoja kinapokula kingine, hivyo kuku aliyelishwa dagaa au unga wa nyama na mifupa hutofautiana na aliyelishwa nafaka na soya pekee. Umoja wa Ulaya ulipozuia unga huo katika chakula cha mifugo mwaka 2001, kwa hofu ya ugonjwa wa ng'ombe kichaa, swali la kama kuku alilishwa unga huo liliihusu sana Brazil, ambayo huuza kuku wengi nje, na watafiti wa Botucatu, katika jimbo la São Paulo, walionyesha kwamba kupima kaboni na nitrojeni kwa pamoja hufichua matumizi yake.

Uamuzi mgumu zaidi, kwa maoni yangu, ni wa kiungo cha kupima. Majaribio ya kware wa Japani yaliyochapishwa mwaka 1992 yalionyesha kwamba nusu ya kaboni ya ini hubadilishwa kwa siku 2.6, ya misuli kwa siku 12 hivi, na ya kolajeni, protini ya mifupa, kwa siku 173. Mfugaji akibadilisha chakula siku chache kabla ya kuchinja, ini litaonyesha chakula kipya ilhali mfupa bado unashikilia cha zamani. Kuku wa nyama hukua kwa kasi, kwa hiyo muda wao haulingani na huo. Unyoya uliokwisha kuota haubadiliki tena, na ukikatwa vipande kutoka ncha hadi shina hutoa mfuatano wa milo ya siku ulipokuwa ukikua.

Njia hii haitenganishi mahindi na mtama, kwa kuwa kaboni yake hukaribiana mno. Ndiyo maana sampuli ya nyama huletwa maabara pamoja na sampuli ya chakula chenyewe kutoka bandani.