Kabla Hujaomba Kipimo cha Vinasaba cha Mtoto

Baba anafika getini kwetu, maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Barabara ya Barack Obama, Dar es Salaam, na bahasha mkononi. Ndani mna nywele alizomkata mtoto akiwa usingizini. Anataka jibu, na mama asijue.

Hatuwezi kumpokea. Nywele za mkasi hazina mizizi, na vinasaba (DNA) tunavyovihitaji vimo kwenye mzizi. Zaidi ya hapo, Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 inataka ombi lipitie kwa wenye mamlaka ya kuliomba, kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili, na wahusika waridhie.

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Tunapangusa ndani ya shavu kwa pamba. Katika kila eneo la vinasaba tunalolisoma, kuna kipande kifupi kinachojirudia, nasi tunahesabu mara ngapi. Hapo mtoto ana namba mbili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Tuseme mtoto ana 12 na 15, mama ana 12 na 14. Basi 15 imetoka kwa baba. Mwanamume mwenye 11 na 13 hapo haendani naye, lakini hatumkatai kwa eneo moja, maana vinasaba hubadilika mara chache vinaporithiwa. Tunasoma maeneo zaidi ya 15. Yakipishana kadhaa, si baba yake. Yakiendana yote, uwezekano kwamba ndiye baba kwa kawaida huzidi asilimia 99.99. Ila kama anayeshukiwa mwingine ni kaka yako wa damu, tuambieni mapema, kwa sababu ndugu wana vinasaba vingi vinavyofanana.

Kundi la damu lisiwagombanishe. Baba wa A na mama wa B wanaweza kabisa kuzaa mtoto wa O.

Vijiweni husemwa kwamba nusu ya kina baba wamebambikiwa watoto. Maneno hayo yananiuma, kwa sababu yanawatia doa kina mama wasio na kosa. Wanaofika maabara ni wale ambao tayari wana mgogoro. Huwezi kuhesabu malaria ya Dar es Salaam nzima kwa kutazama foleni ya wenye homa hospitalini.

Wazee walisema kitanda hakizai haramu. Walikuwa wakimkinga mtoto, na mimi pia ndiye ninayemfikiria kwanza. Huyu wa miaka minane anayekuita baba, kesho utamwambia nini? Lijibuni hilo na afisa ustawi wa jamii kabla ya sampuli, si baada ya majibu.

Kwa hiyo anzeni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu, iwe Temeke, Ubungo au Kigamboni. Siku ya kipimo njooni wote watatu, na vitambulisho. Mtoto anayenyonya asinyonyeshwe muda mfupi kabla ya kupanguswa, maana chembe za mama hubaki mdomoni mwake.