"Get" sio kupata, jamani

Nafundisha Kiingereza watu wazima, wengi wa maofisini na wafanyabiashara, na kuna swali nalisikia kila darasa jipya likianza mpaka limenichosha: "Mwalimu, si get ndo kupata?" Hapana. Kuna sehemu inafaa, sikatai, ila ukiing'ang'ania hiyo tafsiri sentensi utakazoharibu ni nyingi kuliko utakazopatia.

Mtu kapata ajali, anaandika "I got accident". Kapata mtoto, "I got a child". Kupata kwetu kunabeba kila kitu, ajali, mtoto, chai, shida, ila wenzetu hapo wanatumia "have": I had an accident, we had a baby, let's have lunch. Halafu huyo huyo anayeibandika get pasipotakiwa, panapotakiwa kweli haioni kabisa, maana kwenye Kiswahili chake hapo hakuna kupata.

Kazi kubwa ya get ni kuonyesha hali inabadilika. Sisi mabadiliko hayo tunayaweka ndani ya kitenzi chenyewe: kuchoka, kukasirika, kupotea, kulewa, kuzoea, kuolewa. Kiingereza mara nyingi kinaweka get mbele, basi: get tired, get angry, get lost, get drunk, get used to, get married. Giza linaingia, sema "it's getting dark", usinihangaikie na darkness na entering.

Sasa chukua "nimeolewa", hii ndo inaniumiza kuliko zote. Kiswahili neno moja linabeba hali na tukio, Kiingereza kinatenganisha: "I'm married" ni hali yako ya sasa, "I got married" ni siku ile ya ndoa. Mtu anaulizwa kwenye interview ya viza anajibu "I am married in 2015", afisa ataelewa ndio, lakini sentensi imeshavunjika. Ukitaja mwaka au tarehe ni got, got, got! Na nimechoka ni hivyo hivyo, "I'm tired" ni sasa hivi, "I got tired" ni pale ulipochokea njiani.

Kuna na habari ya fundi. Umepeleka kitenge chako kwa fundi halafu unaandika "I sewed a dress", kumbe sindano hujaigusa. Sisi tuna kushonesha na kutengenezesha, wao wanasema "I got a dress made", "I got my phone fixed". Unaanza na get, unataja kitu chenyewe, unamalizia na kitenzi kwenye umbo la tatu, yaani kwenye make, made, made ni lile la mwisho. Umeona get haina neno moja la Kiswahili la kuiwekea mbele yake, ndo maana darasani kwangu sitaki daftari lenye mstari katikati, Kiingereza huku Kiswahili huku. Andika sentensi nzima, "I got lost in Kariakoo", usome kwa sauti mpaka mdomo uzoee.

Mengine ni ya haraka.

Eti get ni lugha ya mtaani. Si kweli, ni neno la zamani sana, limeingia Kiingereza kutoka Kinorse cha kale, lugha ya Waviking, mabaharia wa zamani wa Skandinavia. Kwenye barua rasmi "receive" inakaa vizuri zaidi ukimaanisha kupokea, sawa, lakini get married ni get married hata mbele ya hakimu.

Eti "I've got a car" ni wakati uliopita. Maana yake nina gari, sasa hivi.

Eti "gotten" ni kosa. Ni umbo la kale ambalo Waingereza wengi wameliacha, Wamarekani wanalo mpaka leo na wanatofautisha vizuri tu: "I've got it" ninacho, "I've gotten it" nimekipata. Chagua Kiingereza kimoja ukae nacho, usichanganye kwenye barua moja.

Eti "wake up" na "get up" ni kitu kimoja kwa sababu zote ni kuamka. Wake up macho yamefunguka, get up umetoka kitandani.