Soda, sukari na kitambi: maswali na majibu

Kwa nini watu wa afya wanaiandama soda? Mbona chipsi na maandazi hawayasemi?

Wanayasema sana. Lakini soda ina tatizo lake. Kola ya kawaida ina karibu gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo ile chupa ya kioo ya mililita 300 ina gramu 32 hivi, sawa na vijiko vidogo 8. Ukiondoa sukari hiyo, mwili haupati kitu cha maana: hamna protini wala nyuzinyuzi. Tena kinywaji hakishibishi kama chakula. Mtu akila viazi viwili saa kumi jioni, usiku atapunguza ugali. Akinywa soda mbili, ugali unaliwa uleule.

Sehemu kubwa ya sukari hiyo hushughulikiwa na ini. Ikizidi, ini huigeuza kuwa mafuta, na mengine hubaki humohumo. Miaka ikipita insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, inaanza kushindwa kazi yake, na huko ndiko kwenye njia ya kisukari cha aina ya pili. Meno nayo hayasalimiki.

Kiasi gani kinakubalika?

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba sukari tunayoongeza, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000, hizo ni gramu 50, na bora zaidi 25. Chupa moja ya kioo inatosha kuvuka hiyo 25.

Mimi sinywi soda, ni chai tu na juisi fresh. Yananihusu?

Sana. Vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ni vijiko tisa: umeshaipita soda. Juisi ya miwa ni sukari tupu hata kama imekamuliwa mbele ya macho yako. Ya ukwaju au ya pasheni, muulize anayeitengeneza ametia sukari kiasi gani kwenye ndoo. Tunda likikamuliwa na kuchujwa, nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio na sukari huingia kwenye glasi. Chungwa lenyewe kula tu, wala usiwe na wasiwasi nalo.

Hizi kampeni za kupinga soda zimewahi kufanikiwa mahali popote?

Mfano ninaopenda kuutoa ni Mexico, nchi ambayo watu wazima 7 kati ya 10 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo (unene wa kupindukia), na kisukari ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watu wengi zaidi. Mwaka 2013 mashirika ya kiraia yalibandika matangazo kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi jijini Mexico City. Tangazo lilionyesha chupa ya soda ya mililita 600 pamoja na vijiko vya sukari (vya gramu 5 hivi, vikubwa kidogo kuliko vile nilivyohesabu juu), likauliza: ungekula vijiko 12 vya sukari? Basi kwa nini unakunywa soda? Halikumtukana mtu wala halikumwonyesha mnene yeyote. Mpita njia aliachwa ahesabu mwenyewe.

Waliobandika hawakuishia hapo. Walidai kodi, na wakadai fedha zake zipeleke maji safi ya kunywa shuleni, maana kumwambia mtoto aache soda wakati bomba la shule limekauka ni maneno matupu. Makampuni ya vinywaji yalipinga kwa nguvu. Bunge lilipitisha, na kuanzia Januari 2014 kila lita ya kinywaji chenye sukari ilitozwa peso 1, karibu asilimia 10 ya bei. Ununuzi ulipungua kwa takriban asilimia 5.5 mwaka wa kwanza na asilimia 9.7 mwaka wa pili, hasa kwenye kaya maskini.

Unene haukuisha. Novemba 2016 serikali ilitangaza hali ya dharura ya kiafya kwa sababu ya unene na kisukari, na Oktoba 2020 ikaweka alama nyeusi za onyo kwenye vifungashio. Kwa maoni yangu bango peke yake lisingefika mbali. Lilichofanya ni kuifanya kodi ieleweke kwa watu kabla haijafika bungeni.

Kodi si inamwonea maskini?

Hoja hii ina uzito, hasa kama maji salama ni ghali au hayapo. Lakini maskini huyohuyo ndiye anayeumia zaidi akipata kisukari, kwa sababu dawa na vipimo ni vya maisha.

Ubunifu wa kodi nao una maana yake. Uingereza ilianza Aprili 2018 kutoza kulingana na sukari: kinywaji chenye kuanzia gramu 5 kwa mililita 100 hulipa, chenye gramu 8 au zaidi hulipa zaidi, chini ya 5 hakilipi kitu. Makampuni mengi yalipunguza sukari hata kabla ya siku ya kuanza. Utafiti uliofuata ulionyesha kiribatumbo kimepungua kwa wasichana wa miaka 10 na 11, zaidi kwenye maeneo maskini. Kwa wavulana hakukuonekana badiliko. Kwetu Tanzania na Kenya ushuru wa bidhaa kwenye vinywaji baridi upo siku nyingi, ila huhesabiwa kwa lita, hivyo kiwanda hakioni faida ya kupunguza sukari. Kenya hata maji ya chupa yanatozwa ushuru huo, jambo ambalo binafsi sijawahi kulielewa.

Kwetu mtu akinenepa anapongezwa. Kampeni zitapenyaje?

Hapo ndipo pagumu. "Umenawiri, maisha yamekukubali" ni pongezi ya kweli, na mtu aliyepungua ghafla bado ananong'onwa kwamba anaumwa. Mgonjwa wodini anapelekewa soda na biskuti. Mgeni akipewa maji matupu, mwenyeji anaona aibu. Kampeni ya kuwadhihaki wanene itawafanya wakwepe kliniki tu. Afadhali ianze na mwenyeji: maji ya baridi yenye ndimu, au madafu kwa walio pwani, ni ukarimu vilevile.

Nimeambiwa soda fulani inaongeza damu. Ni kweli?

Hapana. Damu inahitaji madini ya chuma, foliki asidi na protini: maini, dagaa, maharage, mchicha. Mjamzito ameze vidonge alivyopewa kliniki.

Soda zile zisizo na sukari je?

Zina nafuu ukilinganisha na soda ya kawaida. Hata hivyo Mei 2023 WHO ilishauri zisitegemewe kama njia ya kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwahusu walio na kisukari tayari.

Mzee wetu ana kisukari. Tumpige marufuku soda kabisa?

Kama kinywaji cha kila siku, ndiyo. Lakini anayetumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kushukiwa na sukari: anatetemeka, anatoka jasho jembamba, anaanza kuchanganyikiwa. Hapo soda ya kawaida ni huduma ya kwanza. Akiwa anaweza kumeza, mpe nusu kikombe, kama mililita 150, kisha apime tena baada ya dakika 15. Ile isiyo na sukari haitamsaidia. Akiwa amezimia usimnyweshe chochote, mkimbizeni hospitali.

Kwenye lebo niangalie wapi?

Tafuta "sugars" upande wa nyuma, na uone ni kwa kiasi gani. Makampuni mengi huandika kwa mililita 100 au kwa glasi moja, wakati wewe umeshika chupa nzima. Chupa ya mililita 500 yenye gramu 10.6 kwa mililita 100: zidisha mara 5, unapata 53. Gawa kwa 4, ni vijiko 13 na ushee.